Kabla ya Kusifu Mbegu ya Pamba, Tuulize Uzi Wake

Tangu Baraza la Mawaziri liruhusu pamba ya Bt, iliyoingizwa jeni ya kuikinga na funza, ipandwe kibiashara mwezi Desemba 2019, mjadala wa pamba nchini Kenya umekuwa wa pande mbili zinazovutana juu ya mambo yale yale. Upande mmoja unasema mbegu hizi chotara zitamwokoa mkulima na funza wa vitumba na kumwongezea mavuno. Upande wa pili unauliza kuhusu usalama wake na gharama ya kununua mbegu upya kila msimu. Ni maswali ya haki yote mawili. Ila nimefuatilia mvutano huu kwa muda mrefu na bado sijamsikia mwanasiasa wala mwanaharakati akiuliza lile ambalo msokotaji uzi huanza nalo: nyuzinyuzi za mbegu hii zina urefu gani, zina nguvu kiasi gani, na zitatoa uzi wa namba gani, yaani mwembamba au mnene kiasi gani, maana namba ikipanda uzi hupungua unene?

Sisi wa Mombasa swali hili linatugusa pabaya. Changamwe, Jomvu, Miritini hadi Mazeras kuna viwanda vya EPZ, yaani vya kanda maalumu za kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje, ambavyo kazi yake ni kushona nguo za kuuzwa Marekani, na kitambaa kinachoshonwa humo kwa sehemu kubwa hushushwa Kilindini kikitokea Asia. Mpango wa AGOA wa mwaka 2000, sheria ya Marekani ya biashara na nchi za Afrika, uliruhusu hilo kwa nchi kama yetu: kushona kitambaa cha nchi ya tatu na bado kuingia soko la Marekani bila ushuru. Wakati huohuo, kaskazini mwa Pwani hii hii, wakulima wa Mpeketoni na Hindi huko Lamu wanalima pamba kwa kutegemea mvua, na skimu za Hola na Bura kando ya Mto Tana zimewahi kuilima kwa kumwagilia. Pamba yetu na cherehani zetu ziko pwani moja na hazijuani. Sababu ni nyingi, na kubwa mojawapo ni kwamba hatua mbili za katikati, kusokota na kufuma, zimedhoofika nchini kwa miongo kadhaa. Lakini hata viwanda hivyo vikifufuliwa kesho, msokotaji atakuja na maswali ambayo mfumo wetu wa kununua pamba haujaandaliwa kuyajibu.

Mkulima anapofika kwenye mzani, pamba yake hutazamwa kwa macho. Ikiwa nyeupe, kavu, haina majani wala vipande vya makaka, ni safi. Ikiwa na manjano, madoa ya kangambili au dalili za kunyeshewa, ni fifi. Baada ya hapo ni kilo. Jicho lililozoea huona mengi, siwezi kulidharau. Rangi na uchafu ni vipimo halali hata kwenye maabara kubwa kabisa. Lakini jicho halioni nguvu, halioni ukomavu wa unyuzi, na urefu hulibabaisha. Marobota mawili meupe pepepe yanaweza kukaa bega kwa bega ghalani, moja likatoa uzi laini wa shati na lingine likakatika kwenye mashine kutwa nzima.

Tuanze na urefu, kwa sababu ndio msingi wa kusokota. Uzi wa pamba hauna gundi ndani yake. Kinachoushikilia ni msuguano wa nyuzinyuzi zilizopindwa pamoja, na kadiri kila unyuzi unavyokuwa mrefu ndivyo unavyopata jirani wengi wa kushikana nao. Kwa hiyo pamba ndefu huhitaji msokoto mdogo ili kufikia nguvu ileile, na msokoto ukipungua kitambaa kinakuwa laini na spindeli hutoa mita nyingi zaidi kwa saa. Hapo urefu unakuwa pesa. Aina nyingi zinazolimwa duniani ni za jamii ya Gossypium hirsutum, ambazo kwa kawaida huwa na urefu wa kati, milimita ishirini na kitu hadi thelathini hivi. Zile za Misri zinazoitwa Giza, pamoja na Pima ya Marekani, ni za jamii ya Gossypium barbadense, na bora zake hupita milimita 35.

Ila wastani wa urefu peke yake hudanganya. Ndiyo maana maabara hutoa pia kipimo cha usawa wa urefu. Asilimia 83 hadi 85 huhesabiwa kuwa juu, chini ya 80 ni dalili mbaya. Pamba isiyo na usawa imejaa nyuzinyuzi fupi, zile za chini ya milimita 12.7, ambazo kazi yake ni kuelea kwenye mashine, kuzalisha vumbi, na kutokeza nje ya uzi kama manyoya. Kiwanda kinachotaka uzi mzuri hulazimika kuzichana na kuzitupa, na pamba inayotupwa ililipiwa kwa kilo kama ile iliyobaki.

Nguvu hupimwa kwa gramu kwa tex, tex ikiwa ni uzito wa unyuzi kwa gramu kwa kila kilomita. Pamba ya gramu 26 hadi 28 ni ya wastani, ya 31 na zaidi ni yenye nguvu sana, ya 23 kushuka chini ni dhaifu. Kipimo hiki ndicho cha kumtazama mzalishaji wa mbegu usoni, kwa sababu nguvu hutokana sana na urithi wa mbegu yenyewe kuliko hali ya hewa ya msimu. Mbegu dhaifu ni dhaifu, hata ukiipeleka Hola ukainyweshea Mto Tana wote.

Kipimo kinachosumbua watu wengi, na ambacho naona kinastahili maelezo marefu kuliko vyote, ni maikronea. Mashine hupitisha hewa ndani ya kifungu cha pamba chenye uzito maalumu na kupima jinsi hewa inavyopata shida kupita. Nyuzinyuzi nyembamba ni nyingi zaidi ndani ya uzito uleule, hivyo huzuia hewa zaidi, na namba inakuwa ndogo. Soko la Marekani hulikubali eneo la 3.5 hadi 4.9 na hulipa ziada kwa 3.7 hadi 4.2. Fanya hesabu uone kwa nini. Uzi wa namba 30 una uzito wa karibu gramu 20 kwa kilomita. Ukiusokota kwa pamba ya maikronea 3.8, mahali popote utakapoukata utakuta nyuzinyuzi kama 130. Ukiusokota kwa pamba ya maikronea 5.0, utakuta kama 100. Ni uzi uleule kwa namba na kwa uzito, lakini wa pili umepoteza karibu robo ya washikaji wake. Hautakuwa na usawa kama wa kwanza, utakuwa na sehemu nene na nyembamba zaidi, na utakatika kwenye sehemu hizo nyembamba.

Mtu akisikia hivyo atasema basi tutafute maikronea ndogo. Hapana. Maikronea ndogo ina maana mbili na mashine haikuambii ni ipi. Inaweza kuwa unyuzi mwembamba kwa asili yake, kama ule wa Giza 45, ambayo ni sifa. Inaweza pia kuwa unyuzi wa kawaida ambao haukukomaa, ambao ni janga. Unyuzi wa pamba hurefuka kwanza, kwa muda wa majuma matatu hivi baada ya ua kufunguka, kisha ndipo ukuta wake huanza kujazwa selulosi kutoka ndani. Mvua ikikatika mapema, wadudu wakishambulia, au kitumba kikifunguka kabla ya wakati, urefu unaweza kuwepo lakini ukuta ni mwembamba na hauna kitu. Ndiyo maana sikubali ripoti ya aina ya pamba inayotaja maikronea bila kutaja ukomavu pembeni yake.

Matokeo ya pamba changa unaweza kuyaona bila maabara. Nenda Biashara Street, omba kaniki iliyoiva rangi, ikunjue uitazame penye mwanga wa mlangoni. Kwenye kaniki duni utaona vitone vyeupe vidogo vilivyotapakaa. Hivyo ni vifundo vya nyuzinyuzi ambazo hazikukomaa. Kwa kuwa kuta zake ni nyembamba, zilijipinda na kujifunga wakati wa kuchambuliwa na kuchanwa, na kwa kuwa hazina selulosi ya kutosha, hazikunywa rangi. Endelea kutazama, unaweza pia kukuta mstari mmoja mweupe, mrefu kama ukucha, umelala ndani ya mfumo wa kitambaa. Huo si pamba hata kidogo. Ni ukanda wa gunia la plastiki. Mtu alivuna akatia kwenye gunia la mbolea lililochakaa, nyuzi za gunia zikachanganyika na pamba, zikapita kwenye jineri, mashine ya kutenganisha pamba na mbegu, zikapita kwenye mashine za kusokota, zikafumwa, na mwisho zikakataa rangi mbele ya mteja. Muuzaji hodari wa duka hizo huteleza kidole gumba juu ya kitambaa na kuzitambua papo hapo. Mkulima wa Mpeketoni hajawahi kuonyeshwa kaniki hiyo, na hilo linaniuma, maana angeonyeshwa mara moja asingerudia.

Wateja wa pwani hii hawajawahi kuwa wajinga wa kitambaa. Merikani, kitambaa kile kizito cha pamba kilicholetwa Unguja na Mombasa na meli za Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, ilipendwa hadi bara kwa uzito na uimara wake. Viwanda vya Uingereza viliiga, lakini wanunuzi waliendelea kupendelea ile ya asili, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata ugavi wake na kuwapisha Waingereza na Bombay.

Sasa tuje kwenye kulinganisha aina kwa aina, maana hapa ndipo watu wengi huteleza. Mtu huchukua sampuli ya HART 89M, aina inayopendekezwa kwa Mashariki na Pwani, akailinganisha na sampuli ya KSA 81M iliyolimwa upande wa Busia, au na UK 91 na UKM 08 za Ukiriguru karibu na Mwanza, kisha akatangaza mshindi. Huko si kulinganisha mbegu. Amelinganisha mvua, udongo, mkono wa mvunaji na jineri. Urefu hupungua maua yakikosa maji wakati wa kurefuka. Maikronea hubadilika sana kwa hali ya hewa. Jineri ya misumeno hukata nyuzinyuzi na kuongeza vifundo kuliko jineri ya rola. Hata kijineri kidogo cha kituo cha utafiti hutoa pamba nzuri kuliko ile ambayo mbegu hiyohiyo itatoa kwenye jineri ya biashara. Ukitaka kuijua mbegu, ipande bega kwa bega na wenzake, shamba moja, misimu kadhaa, uvune mchumo uleule, uchambue kwa jineri ileile, halafu usokote namba ileile kwa msokoto uleule.

Na mahali pa kupimia ni sehemu ya kipimo. Pamba ni kiumbe cha ajabu: ikinywa unyevu huongezeka nguvu. Kwa hiyo kiwango cha kimataifa kinataka maabara iwe na nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 65, na sampuli ilale humo hadi izoee kabla ya kuguswa. Hewa ya Mombasa mara nyingi huzidi unyevu huo kwa mbali. Sampuli iliyopimwa hapa kwenye chumba cha madirisha wazi itasoma kuwa na nguvu kuliko ilivyo. Ipeleke Eldoret wakati wa kiangazi, ipime vivyo hivyo, itasoma dhaifu. Watu wawili waaminifu watagombana, na kila mmoja ana karatasi mkononi. Afrika Mashariki na Kusini tumepata bahati ya kuwa na kituo cha kanda cha kupima pamba kwa mashine za HVI, zinazosoma urefu, nguvu na maikronea kwa haraka, kwenye Shirika la Viwango Tanzania, Dar es Salaam, kilichojengewa uwezo mahususi ili maabara za nchi zetu zisome namba moja. Mtu akinipa namba za pamba asiniambie zimepimwa katika hali gani, kwangu hizo ni porojo.

Hata hivyo namba za nyuzinyuzi ni nusu ya habari. Uzi ndio hakimu. Aina mbili zenye urefu na nguvu karibu sawa zinaweza kutoa uzi tofauti kabisa, kwa sababu moja ina nyuzinyuzi fupi zilizofichika nyuma ya wastani, au ina utomvu wa sukari ulioachwa na vidukari na inzi weupe. Sukari hiyo haionekani kwenye safi wala fifi, ila ikifika kwenye rola za mashine inanata, uzi unajisokota juu ya rola, na fundi anasimamisha kazi kusafisha. Katika uzi wenyewe hutazamwa nguvu ya kukatika, usawa wa unene, idadi ya sehemu nene, nyembamba na vifundo kwa kila kilomita, na manyoya. Kituo kinachotoa aina mpya bila kusokota walau kilo chache za majaribio kimetupa kazi isiyokamilika.

Rudi sasa kwenye Bt. Jeni iliyoingizwa inahusu funza tu. Haiongezi urefu wala nguvu ya unyuzi. Sifa hizo zinatoka kwa wazazi wa chotara husika. Kwa njia ya mzunguko inaweza kusaidia ubora, kwani kitumba ambacho hakikutobolewa hukomaa vizuri na hakichafuki, na mkulima atakuwa na safi nyingi kuliko fifi. Lakini wanaoshangilia Bt kana kwamba ni dawa ya viwanda vya nguo, na wanaoilaani kana kwamba itaharibu pamba yetu, wote wanazungumzia kitu ambacho jeni hiyo haifanyi. Chotara mbili za Bt zinaweza kupishana kwa nyuzinyuzi kama zinavyopishana aina za zamani. Kinachotakiwa ni namba za kila moja, zilizopimwa kwenye mashamba ya Lamu na Tana River, ziwekwe hadharani kando ya namba za HART 89M. Mavuno kwa ekari yametangazwa mara nyingi. Hizo nyingine mkulima hazioni.

Nina msimamo mwingine ambao najua baadhi ya wasomaji hawataupenda. Tusikimbizane na Misri. Kila baada ya muda hutokea mtu mwenye shauku akapendekeza pamba ndefu sana ipandwe kando ya Tana ili tuuze shati za kifahari. Pamba za jamii hiyo hukaa muda mrefu shambani, huhitaji maji ya uhakika na mikono mingi ya kuvuna kwa uangalifu, na soko lake ni dogo na lenye wenyewe. Viwanda vya EPZ vya hapa hushona jinzi, na jinzi hufumwa kwa uzi mnene, namba 7 hadi 12 hivi, unaosokotwa mara nyingi kwenye mashine za rota. Mashine ya rota haijali sana urefu. Inadai nguvu kwanza, kisha unyuzi mwembamba uliokomaa, na usafi mkubwa, kwa sababu vumbi dogo likinasa kwenye rota huharibu uzi mita baada ya mita. Pamba ya urefu wa kati inaitosha kazi hiyo kabisa. Vivyo hivyo vikoi, khaki za sare za shule, shuka za hospitali. Haya ni mahitaji ya watu wetu wenyewe, na hayahitaji milimita 35. Yanahitaji pamba ya nguvu ya wastani au zaidi, iliyokomaa, isiyo na plastiki, na inayofanana robota kwa robota.

Hilo la kufanana ndilo ngumu, na halipatikani kwa mbegu tu. Kijiji kimoja kikipanda aina tatu kwa sababu mbegu ilichelewa na kila mtu akanunua alichokipata, jineri itazichanganya na robota litakuwa na nyuzinyuzi za tabia tatu. Afadhali eneo zima lipande aina moja iliyo ya kadiri kuliko nusu yake lipande bora na nusu nyingine lipande chochote.

Kisha bei. Mkulima anayelipwa kwa kilo atatafuta kilo, na hakuna wa kumlaumu. Wapo hata wanaonyunyiza maji usiku wa kuamkia mnada, na maji hayo huotesha vijidudu vinavyogeuza pamba manjano na kuidhoofisha. Bei ikiwa na ngazi, hata ndogo, kwa kundi la wakulima ambalo marobota yake yamepimwa yakaonekana na nguvu, ukomavu na usafi, tabia hiyo itakufa yenyewe. Si lazima kumpima kila mkulima. Sampuli ya kila robota jinerini inatosha, na malipo ya ziada yarudi kwa chama cha ushirika kilicholeta pamba hiyo. Magunia ya plastiki nayo yapigwe marufuku mlangoni mwa jineri, na wanunuzi watoe shuka za pamba za kubebea mavuno kama sehemu ya mkataba, kwa sababu mkulima hawezi kununua kifungashio kwa hasara yake ili kiwanda kipate faida.

Kuna upande mmoja uliobaki kimya muda wote, nao ni wenye viwanda vya hapa Changamwe na kwingineko. Waseme waziwazi wanataka kitambaa cha uzi wa namba gani, wenye nguvu kiasi gani, vifundo visizidi vingapi kwa kilomita, tani ngapi kwa mwaka na kwa mkataba wa miaka mingapi. Mtafiti wa mbegu huchukua miaka mingi kuchagua aina moja. Hawezi kuchagua pamba ya jinzi ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba jinzi ndiyo inayotakiwa.